Cicely Williams, muganga aliyeupa ugonjwa wa bwaki jina linalojulikana dunia nzima

Kibati iko kaskazini mwa Goma, kandokando ya barabara ya Rutshuru, chini ya volkano ya Nyiragongo. Udongo wake una rutuba, lakini wenyeji wake wamezoea kukimbia na kuwapokea wengine waliokimbia. Mwishoni mwa mwaka 2008, vita kati ya jeshi la serikali na CNDP ilipokaribia Goma, makumi ya maelfu ya watu walijenga vibanda hapo juu ya mawe ya volkano. Tangu M23 ianze tena vita, wengine wengi walifika Kibati na Kanyaruchinya wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Mtu yeyote aliyepita katika kambi kama hizo amewahi kuona jambo hili. Muuguzi anafunga utepe wa rangi kwenye mkono wa mtoto, anasoma kama ni kijani, manjano au nyekundu. Kisha anashika miguu yote miwili na kubonyeza kwa kidole gumba, anahesabu taratibu, anaachia. Kama shimo linabaki pale alipobonyeza, hasubiri kipimo kingine. Anaandika kwenye daftari: kwashiorkor.

Kivu watu wanauita ugonjwa huo bwaki. Neno ambalo muuguzi anaandika si la Kifaransa wala la Kiingereza, ingawa wengi wanadhani hivyo. Ni la Kiga, lugha ya watu wa Accra, Ghana. Aliyelichukua kutoka vinywani mwa mama wa Accra na kuliingiza katika vitabu vya uganga ni mwanamke aliyezaliwa Jamaika, Cicely Delphine Williams.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 huko Kew Park, katika parokia ya Westmoreland, magharibi mwa Jamaika. Familia yake ilikuwa ya Wazungu wenye mashamba, walioishi kisiwani kwa vizazi vingi. Baba yake, James Rowland Williams, alikuwa mkurugenzi wa elimu wa Jamaika. Akiwa na miaka 13 msichana alipelekwa Uingereza kusoma. Alipata nafasi ya kuingia Oxford akiwa bado kijana, lakini hakwenda. Kisiwa chao kilikuwa kimepigwa na matetemeko ya ardhi na vimbunga, wazazi walihitaji msaada, naye akarudi nyumbani. Baba alipofariki mwaka 1916, Cicely alikuwa na miaka 22. Ndipo akapanda meli tena.

Vita ya kwanza ya dunia ndiyo iliyomfungulia mlango. Vijana wa kiume walikuwa mstari wa mbele, madarasa ya uganga yalikuwa na viti vitupu, Oxford ikakubali wanawake wachache. Alisoma katika chuo cha Somerville, akamalizia mafunzo katika hospitali ya King's College mjini London, akahitimu mwaka 1923. Lakini wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani, na waganga wanawake walisukumwa pembeni. Alifanya kazi katika hospitali ya watoto huko Hackney, mtaa wa maskini wa London, na hapo alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena: mtoto hatibiwi na dawa peke yake kama muganga hajui nyumbani kwao kunapikwa nini, nani anapika, na mama analala saa ngapi.

Aliomba kazi katika idara ya afya ya makoloni. Baada ya kungoja sana, mwaka 1929 alitumwa Gold Coast, inchi inayoitwa leo Ghana. Cheo chake kilikuwa afisa wa uganga mwanamke, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa mwanaume aliyefanya kazi ileile. Alitarajiwa kushughulikia watoto na akina mama, kutoa ushauri, na kutosumbua wakubwa. Hilo la mwisho halikumfaa hata kidogo.

Huko alianza kuona watoto ambao vitabu vya London havikuwajua. Walikuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na minne. Miguu na mikono ilivimba, uso ukawa mviringo kama wa mtoto aliyenona. Nywele nyeusi ziligeuka nyekundu au rangi ya majivu, zikang'oka bila maumivu. Ngozi ilipata mabaka meusi, ikabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Mtoto alihara, alikataa kula, alilia kwa hasira akiguswa, kisha akanyamaza kabisa. Huo ukimya ndio uliotisha zaidi. Wengi walikufa.

Williams alikuwa akipasua mwenyewe maiti za watoto waliokufa, kwa sababu alitaka kuona. Alikuta maini makubwa, ya manjano, yaliyojaa mafuta. Wakati huo Gold Coast haikuwa na antibiotiki. Aliambukizwa vijidudu kutoka kwa maiti mmoja, akakaribia kufa yeye mwenyewe. Alipopona alirudi kazini.

Waganga wenzake walikuwa na majibu tayari. Wengine walisema ni kaswende ya kurithi, wengine ni minyoo. Williams aliwauliza mama. Hili linaonekana dogo leo, lakini mwaka 1930 muganga wa koloni kumwuliza mama Mwafrika anaonaje ugonjwa wa mtoto wake halikuwa jambo la kawaida. Mama walikuwa na jina: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kwenye titi kwa sababu mdogo wake anakuja. Ndani ya neno moja kulikuwa na umri wa mgonjwa, sababu na historia ya familia.

Na Waga hawakuwa peke yao. Baganda wanasema obwosi, nao wanauhusisha na mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine mapema. Waswahili wa pwani wana neno kubemenda, ambalo linawatupia wazazi lawama kwa kutongoja mtoto akue. Sehemu nyingi za Afrika watu walikwisha kuona uhusiano huo kabla muganga wa Ulaya hajafika. Tofauti ya Williams ni kwamba alisikiliza, kisha akauliza swali la pili: mtoto huyo akiondolewa kwenye titi, anapewa nini?

Jibu lilikuwa mahindi. Uji mwepesi wa mahindi yaliyochachushwa, na kenkey, ambayo ni bonge la mahindi linalofungwa katika majani na kupikwa. Asubuhi mahindi, jioni mahindi. Tumbo lilijaa. Mtoto hakuwa na njaa kama watu wanavyoielewa njaa, na bado alikuwa anakufa.

Mwaka 1933 aliandika makala katika jarida la Uingereza la magonjwa ya watoto, akaeleza ugonjwa wa lishe unaohusiana na chakula cha mahindi. Humo kuna sentensi moja ya tahadhari ambayo ilikuja kuwa na uzito kuliko nyingine zote: kwa kuwa mahindi ndiyo yaliyokuwa chakula pekee cha nyongeza, alisema, upungufu wa asidi amino fulani au wa protini hauwezi kuondolewa katika orodha ya sababu. Hakujigamba kwamba amethibitisha. Alionyesha tu mahali pa kuchimba.

Ili kuona ujasiri wa sentensi hiyo, inafaa kujua asidi amino ni kitu gani. Protini zote za mwili, nyama ya msuli, ngozi, nywele, damu, vimeng'enya vya tumboni, askari wa mwili wanaopigana na magonjwa, zimeundwa kwa vipande vidogo vinavyoungwa kimoja baada ya kingine kama shanga. Vipande hivyo ni asidi amino, na viko vya aina 20. Mwili unajua kujitengenezea vingine. Lakini aina 9 hauwezi kuzitengeneza kwa kiasi unachohitaji. Lazima ziingie kwa mdomo. Ndizo zinazoitwa asidi amino za lazima. Lisini ni mojawapo, triptofani ni nyingine.

Mtu wa Goma anaweza kulielewa kwa chukudu. Fundi ana mbao za kutosha chukudu kumi, misumari ya kutosha kumi, lakini magurudumu ni sita tu. Atatengeneza chukudu tatu. Mbao zinazobaki hazitageuka gurudumu hata akizichonga usiku kucha. Ataishia kuzitia motoni apikie. Mwili unafanya vivyo hivyo. Lisini ikipungua, ujenzi wa protini unasimama pale lisini ilipoishia, na asidi amino nyingine zilizobaki zinachomwa kama kuni. Tena mwili hauna ghala la kuziweka akiba hadi wiki ijayo. Gurudumu linatakiwa liwepo leo, pamoja na mbao.

Mahindi ndiyo mfano maarufu wa mbao nyingi na magurudumu machache. Mwaka 1914, huko Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel walilisha panya protini kuu ya mahindi, zeini, bila protini nyingine. Panya walikonda. Wakaongeza triptofani, panya wakaacha kukonda lakini hawakukua. Wakaongeza na lisini, panya wakaanza kukua. Kwa hesabu za leo, gramu moja ya protini ya mahindi ya kawaida ina karibu miligramu 28 za lisini, wakati mtoto mdogo anahitaji protini yenye zaidi ya 50. Maharage yana karibu 70. Maharage nayo yana upungufu wake, yanapungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Bibi aliyeweka bugali na maharage kwenye sahani moja hakuwahi kusikia majina haya, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Williams alipoandika mwaka 1933, orodha ya asidi amino za lazima ilikuwa bado haijakamilika. Ile ya mwisho, threonini, ilitambuliwa na William Rose katika chuo kikuu cha Illinois mwaka 1935. Kwa hiyo mwanamke huyu katika zahanati ya Accra alikuwa anawaza sambamba na maabara kubwa za Marekani, akiwa na mizani ya watoto, kisu cha kupasulia na masikio yake.

Shukrani hazikuja. Mwaka uliofuata Hugh Stannus, bingwa wa London aliyewahi kufanya kazi Nyasaland, leo Malawi, alijibu kwamba hakuna ugonjwa mpya hapo. Ni pelagra tu, ugonjwa wa ngozi wa watu wanaokula mahindi. Stannus alikuwa na jina kubwa, Williams hakuwa nalo. Yeye alishikilia alichokiona: pelagra inachoma ngozi inayopigwa na jua, shingo na mikono, kwa mpaka unaoonekana wazi, mabaka ya watoto wake yalitokea pale ngozi inapobanwa au kulowa, na watoto hao walivimba. Mwaka 1935 alichapisha makala nyingine katika jarida la The Lancet, na safari hii akaweka jina la Kiga kwenye kichwa cha makala, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ubishi huo haukuwa wa maneno tu. Kampala, katika hospitali ya Mulago, muganga Hugh Trowell alikuwa na watoto walewale wodini. Mwaka 1937 naye aliandika kwamba ni pelagra ya watoto. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba niasini, vitamini moja ya kundi B, inaponya pelagra, na matumaini yakapanda. Niasini ilipotolewa kwa watoto waliovimba, haikuwaponya. Jina lisilo sahihi lilileta dawa isiyo sahihi, na gharama ililipwa na watoto. Trowell, na hili ni la kumsifu, aliendelea kuchunguza pamoja na muganga Mganda Eria Muwazi na bingwa wa maabara Jack Davies, hadi akaacha pelagra na kukubali kwashiorkor. Mwaka 1954 yeye, Davies na Rex Dean walitoa kitabu kizima chenye jina hilo.

Stannus naye hakuwa mpumbavu kabisa. Mwaka 1945 watafiti wa Wisconsin walionyesha kwamba mwili unaweza kutengeneza niasini kutokana na triptofani, ileile asidi amino inayopungua kwenye mahindi. Pelagra na kwashiorkor si ugonjwa mmoja, lakini nyumba zao zimepakana.

Wakati Kampala wanabishana, Williams hakuwa tena Afrika. Ugomvi wake na wakubwa wa idara ulikuwa umekua, na mwaka 1936 akahamishiwa Malaya, upande mwingine wa bahari. Wengi walioandika juu ya maisha yake wanauona uhamisho huo kama adhabu. Huko Singapore na Malaya alikuta janga lingine. Watoto wachanga walikuwa wanapewa maziwa ya kopo yenye sukari nyingi badala ya titi, na wauzaji walikuwa wakiwashawishi mama kwa kuwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi. Mwaka 1939 alialikwa kuzungumza mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore, mbele ya wafanyabiashara. Alichagua kichwa cha hotuba yenye maneno mawili, maziwa na uuaji, akasema kwamba kueneza kwa makusudi maziwa yasiyofaa kwa watoto wachanga kunapaswa kuhesabiwa kama mauaji. Hakuwa adui wa kopo lenyewe: Accra alikuwa amewapa watoto wa kwashiorkor maziwa ya kopo na mafuta ya samaki, na baadhi walipona. Mtoto wa miaka miwili aliyekwisha kuachishwa na mtoto wa wiki mbili mwenye mama mzima hawahitaji kitu kimoja. Watu wengi wa misaada, hata leo, wanasahau tofauti hiyo.

Desemba 1941 Wajapani waliivamia Malaya. Williams alikuwa Trengganu, pwani ya mashariki. Alifanya safari ngumu kushuka hadi Singapore, mji uliodhaniwa hauwezi kuanguka, nao ukaanguka tarehe 15 Februari 1942. Yeye na mamia ya wanawake na watoto walifungwa katika gereza la Changi. Aliyekuwa amechunguza njaa ya watoto wa wengine sasa alikuwa ndani ya kambi, akipanga foleni ya chakula kama wengine wote.

Wanawake wa kambi walimchagua kuwa kiongozi wao. Alipigania usafi, alisimamia ugawaji wa chakula, aliwahimiza mama kunyonyesha. Kwa hesabu yake mwenyewe, watoto 20 walizaliwa kambini, wote 20 walinyonyeshwa, wote 20 wakaishi. Hakuna kiwanda cha maziwa kilichowahi kufikia hesabu hiyo katika hali kama ile.

Oktoba 1943 polisi wa jeshi la Japani, Kempeitai, waliivamia kambi wakitafuta redio na wapelelezi. Walimchukua Williams. Kwa miezi kadhaa alifungiwa katika chumba kidogo pamoja na wanaume, taa ikiwaka usiku na mchana, akihojiwa, huku wenzake wakifa kwa mateso kando yake. Aliachiwa bila kukubali kosa lolote, akarudi kambini akiwa amedhoofika sana. Vita ilipokwisha mwaka 1945 alikuwa kitandani akiwa mahututi kwa kuhara damu na beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, ambao huwapata watu wanaokula mchele mweupe bila kingine. Muganga wa kwashiorkor aliponea chupuchupu ugonjwa wa lishe.

Alipopata nguvu alirudi Malaya kuongoza huduma za mama na mtoto, na mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi Geneva, alikuwa mkuu wa kwanza wa sehemu ya afya ya mama na mtoto. Hapo ndipo hadithi yake inapofika kwetu. Mwaka 1950 shirika hilo na lile la chakula na kilimo, FAO, yaliwatuma watu wawili, John Brock wa Cape Town na Marcel Autret wa FAO, kuzunguka Afrika na kuuliza: je, ugonjwa huu wa Accra upo mahali pengine? Walipita inchi kama kumi, zikiwemo Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, Uganda na Kenya. Ripoti yao ya mwaka 1952 ilisema upo karibu kila walikopita, na kwamba hakuna ugonjwa wa lishe uliojulikana wakati huo uliokuwa mbaya na ulioenea kuliko huo. Miaka 17 baada ya The Lancet, hoja ya mwanamke aliyehamishwa kwa usumbufu ilikuwa sasa hoja ya dunia.

Kivu haikuhitaji ripoti kujua. Katika milima ya Bushi bwaki ilikuwa inajulikana kwa jina lake, na hospitali ya watoto ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ilijengewa jina na kazi ya kuitibu. Mwaka 1965 watu wa Bukavu walianzisha Comité Anti-Bwaki, kamati iliyochukua jina la ugonjwa ili kupigana nao. Ardhi ndogo, mashamba yaliyopewa chai, kahawa na kwinini, na mihogo iliyochukua nafasi ya mazao mengine: hayo yote yalikuwa ndani ya neno bwaki.

Mihogo inatisha kuliko mahindi. Gramu 100 za muhogo mbichi zina karibu gramu 1 tu ya protini, wakati gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya 20. Mtoto mdogo anayekula bugali ya muhogo tupu hajazi tu tumbo na kitu kisicho na magurudumu. Hata mbao ni chache. Sombe, majani ya muhogo huohuo, ina protini nyingi kuliko mizizi yake, na sambaza za ziwa Kivu, ambazo Wabelgiji walizileta kutoka Tanganyika mwaka 1959, zina asidi amino zote tisa. Kiganja kimoja cha sambaza zilizosagwa ndani ya uji kinafanya kazi kubwa. Uji wa masoso, wa mahindi, soya na mtama, unafuata kanuni hiyohiyo: soya inaleta lisini ambayo mahindi na mtama hayana ya kutosha.

Hata hivyo, hadithi ya protini haikwenda moja kwa moja. Miaka ya 1950 na 1960 mashirika makubwa yaliamini kwamba dunia ina pengo la protini, yakatumia fedha nyingi kutengeneza unga na poda za protini. Mwaka 1974 mtaalamu Donald McLaren aliandika katika The Lancet kwamba mradi wote huo ulikuwa kosa kubwa, kwani watoto wengi walikosa chakula kwa jumla, si protini peke yake. Watafiti waliendelea kukuta watoto wawili wa kijiji kimoja, wanaokula chungu kimoja, mmoja anavimba na mwingine anakonda. Utafiti wa mapacha wa Malawi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vijidudu vya tumboni vina sehemu yake. Na matibabu yenyewe yalifundisha unyenyekevu: mtoto aliyevimba akipewa protini nyingi siku za kwanza, ini lake lililojaa mafuta linashindwa, anaweza kufa. Ndiyo maana hospitalini anaanza na maziwa ya F-75, yenye protini kidogo, kabla ya kupewa F-100 au ile pakiti ya karanga ambayo watoto wa kambini wanaifyonza kwa furaha.

Lakini kisha asidi amino zikarudi mlangoni. Mwaka 2016 watafiti walipima damu ya watoto zaidi ya 300 wa vijijini Malawi, wakakuta kwamba waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote 9 za lazima kuliko wenzao waliokua vizuri. Sentensi ile ya tahadhari ya 1933 ilikuwa bado haijafutwa.

Williams mwenyewe hakupenda vita vya mabingwa juu ya kirutubisho kipi. Kwake kwashiorkor ilikuwa ugonjwa wa maisha ya mama: mimba za karibu, kazi ya shamba, mume asiyekuwepo, maji ya mbali, surua iliyopita mwezi uliopita. Alipigana maisha yake yote ili kinga na tiba viwe chini ya paa moja, ili mama aliyeleta mtoto mwenye homa apimiwe mtoto kilo na azungumziwe juu ya chakula siku hiyohiyo. Mama anayebeba mtoto kwenda CPS Kibati au Goma kupima kilo anakutana na wazo hilohilo, ingawa mara nyingi anakutana nalo kwenye foleni ndefu na rafu tupu za dawa.

Baada ya Geneva alifanya kazi Asia, akachunguza huko kwao Jamaika ugonjwa wa kutapika unaoletwa na tunda la akee lisiloiva, akafundisha London, kisha chuo kikuu cha Kimarekani cha Beirut, kisha Tulane huko Marekani. Hakuolewa. Aliendelea kusafiri na kutoa mihadhara akiwa na zaidi ya miaka 80, mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mkali, asiyevumilia mtaalamu asiyewahi kushika mtoto mgonjwa. Uingereza ilimpa nishani mwaka 1968, na Jamaika nayo ikamtunukia heshima yake.

Alifariki Oxford tarehe 13 Julai 1992, akiwa na miaka 98. Hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise mjini Accra, ambako alifanya kazi, bado inapokea watoto wenye utapiamlo.